Safu ya Kumi na Moja

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni kwamba tarakimu za chini hazikusimama.

Wengine wote walikuwa wanatazama jina. Jina la mzee seremala, mgonjwa aliyekuwa anasubiri dirishani, lilikuwa limetokea katikati ya kioo cha kompyuta kwa herufi kubwa za kijani, na Mtaalamu, kijana aliyeileta mashine, alikuwa ameshaanza kutabasamu. Lakini chini kabisa, pembeni, mashine ilikuwa inajihesabia safari yake kwa maandishi madogo: safu, sanduku, kadi. Hizo ziliendelea kukimbia. Safu ya pili ikaisha, ikaja ya tatu, ikaja ya nne. Kimya alikuwa nyuma ya mabega ya watu, rundo la kadi mikononi, akajiuliza moyoni: huyu ameshapata, sasa anatafuta nini tena?

Safu ya kumi na moja. Kioo kikapepesa mara moja. Jina la seremala likafutika, likaja jina la mwanamke, na tarakimu zikaenda mpaka safu ya kumi na nne ndipo zikatulia.

"Hee, mzee!" Redio, msichana mwenzake Kimya kazini, alipaza sauti kupitia dirishani. "Mashine inasema wewe ni mama wa watu."

Foleni nzima ikacheka. Seremala, mzee mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, akajishika kiuno. "Basi mwambieni mke wangu. Miaka thelathini anatafuta wa kumsaidia jikoni."

Mtaalamu hakucheka. Alisogeza uso karibu na kioo akalisoma lile jina la mwanamke kwa sauti, polepole, majina yote matatu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua.

Kadi zikamponyoka Kimya, zikatawanyika sakafuni.

"Na huyu naye," alisema Bibi Kadi bila kugeuka. "Okota, na usizichanganye."

Aliokota. Hakuna aliyemwona uso. Miaka saba ilikuwa imepita tangu alisikie jina hilo likitoka kinywani mwa mtu. Nyumbani kwa mama mdogo walisema "marehemu", au "dada yangu", au hawakusema kitu. Sasa kijana ambaye hakuwahi kumjua mama yake alikuwa amemwita mbele ya foleni, mchana kweupe, kana kwamba angeweza kuitika.

*

Chumba cha kadi kilikuwa nyuma ya mapokezi ya hospitali: safu kumi na nne za vyuma, kila safu masanduku ishirini, kila sanduku kadi sitini au sabini. Zamani zilipangwa kwa namba. Kisha bomba likapasuka juu ya dari, kadi zikaokolewa mikono kwa mikono, zikaanikwa uani, zikarudishwa, mpya safu za mbele na za zamani safu za nyuma, lakini humo popote palipokuwa na nafasi. Tangu hapo, kumtafuta mgonjwa mmoja kulikuwa ni kupita safu kwa safu, sanduku kwa sanduku, kadi kwa kadi.

Tena mhuri wa namba ulikuwa na tarakimu nne tu. Ulipofika 9999 haukuwa na pa kwenda, ukarudi 0001. Kwa hiyo namba nyingi zilikuwa na watu wawili: mmoja kwenye safu za mbele, aliyeandikishwa baadaye, na mwingine kwenye safu za nyuma, kuanzia ya nane. Mtu wa nyuma akija tena kutibiwa alipewa namba mpya, kadi yake ikahamia mbele. Waliobaki kule nyuma ni waliohama mji, na waliokufa.

"Tunaanzia mbele, na tukipata tunasimama." Hivyo ndivyo Bibi Kadi, mkuu wa chumba, alivyomfundisha kila msichana aliyeingia. "Ukiendelea, utampelekea daktari marehemu."

Walitafuta watatu, kila mmoja na safu yake. Aliyepata alipiga kelele, "Nimempata!", na wenzake wakaacha hapohapo, hata kama mkono ulikuwa katikati ya sanduku. Redio alisikika mpaka maabara. Bibi Kadi alikuwa na sauti ya kengele. Kimya hakuweza. Siku yake ya kwanza neno lilimkwama kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji, na wenzake wakapekua safu mbili nzima huku yeye amesimama na kadi mkononi, machozi yakimlenga. Redio ndiye aliyempa jina la Kimya siku hiyo.

Kesho yake alikuja na kipande cha pazia jekundu. Akipata, alikifunga kwenye chuma cha mwanzo wa safu, panapoonekana kutoka kila upande. Wenzake wakazoea. Wakimaliza sanduku waliinua macho, na wakikiona kitambaa hawakufungua sanduku lingine.

"Watu wana midomo," Redio aliwaambia wauguzi, "sisi wetu ana bendera."

Ndivyo miaka minne ilivyopita. Halafu akaletwa Mtaalamu, kijana mwembamba mwenye kompyuta na waya nyingi, na wachapaji wawili waliokaa miezi sita wakiingiza kadi zote kwenye mashine: namba, jina, safu, sanduku. Mganga Mkuu alikuwa amesema mashine ikikubalika Ijumaa, basi Jumamosi lori litakuja kuchukua safu za nyuma, ya nane mpaka ya kumi na nne, zikachomwe moto, chumba kipate hewa.

Wengine walishangilia. Kimya alikwenda chooni, akafunga mlango, akasimama tu humo ndani.

Kwa sababu kuna jambo hakuwa amemwambia mtu. Alipokuwa darasa la tano, mama yake alianza kuumwa, na yeye ndiye aliyemsindikiza hospitali. Kwanza Jumatatu moja kwa mwezi, baadaye kila Jumatatu, baadaye na Alhamisi. Hakuna aliyemwambia aache shule. Siku za shule ziliisha tu, moja moja. Kazi yake ilikuwa kushika kikaratasi cha namba, akikibana kiganjani mpaka kinalowa: 4172. Namba hiyo aliijua kabla hajajua jedwali la kuzidisha la saba.

Alipopata kazi chumba cha kadi, kila saa nne wenzake wakienda kunywa chai yeye alibaki. Walidhani anaona aibu kula mbele ya watu. Alikuwa anapekua safu za nyuma. Sanduku moja au mawili kwa mwezi, siku chache chumba kilipobaki kitupu kabisa, mgongo kwa mlango kama mwizi. Safu ya nane aliimaliza mwaka wa kwanza. Mvua kubwa ziliponyesha, ya tisa ikabidi airudie yote, kwa sababu Bibi Kadi alihamisha masanduku yanayovujiwa. Sasa alikuwa sanduku la kumi na nne la safu ya kumi.

Na mashine ya Mtaalamu, kwa kosa lake, ilikuwa imemwonyesha mama kwa muda wa kufumba na kufumbua. Safu ya kumi na moja. Sanduku la sita.

*

Siku hiyohiyo, Jumanne, saa ya chai, alikwenda.

Alikuwa amedhani ataitambua kwa mbali. Ilikuwa kadi kama nyingine, ya rangi ya uji wa jana, pembe moja imekunjwa na maji. Lakini ndani palikuwa na alama ya dole gumba la wino wa zambarau, kwa sababu mama hakujua kuandika, na katikati ya dole ulipita mstari mweupe, kovu la kisu. Kovu hilo Kimya alikuwa amelisahau. Uzito ulikuwa umeandikwa kwa safu, kila ziara na wake: 58, 54, 51, 47, 43. Chini, kwenye nafasi ya aliyemsindikiza mgonjwa, palikuwa na mwandiko mwingine, mkubwa, wa herufi zinazopanda mlima: *Mimi mwanawe.* Karani wa siku zile alikuwa amempa kalamu aandike mwenyewe.

Aliweka dole lake gumba juu ya lile la zambarau. Yalitoshana. Dole lake lilikuwa limekua.

Kadi hazitoki chumbani. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza kabla ya zote, na msichana aliyemtangulia alifukuzwa kwa kutoka na kadi ya mchumba wake. Kimya aliirudisha, akasikia wenzake wanarudi, vikombe vikigongana.

Jumatano Mtaalamu hakuondoka kwenye kiti. Namba nyingine zilitoka sawasawa, nyingine zilitoka na watu wasiojulikana. Alimaliza asubuhi nzima akilaumu wachapaji.

"Walikuwa wanaandika huku wanachat," alisema.

"Mwanangu, mbona unalaumu wasiokuwepo?" Bibi Kadi alimjibu, akichomoa uzi kwenye sweta yake kwa raha zake. "Sisi tulitafuta miaka ishirini kwa macho mawili mawili. Hiyo yako ina macho mangapi?"

"Bibi, nisaidie basi. Kwa nini namba moja ina watu wawili?"

"Ungeniuliza mwezi wa kwanza ningekwambia. Mwezi wa kwanza ulikuwa unajua kila kitu."

Alimweleza hata hivyo, habari ya mhuri, na Mtaalamu akashika kichwa. "Sawa, lakini mimi nimeipanga ianzie mbele. Na nimeiambia ikipata itoke. Inapaswa kumpata wa mbele na kuacha." Akageuka, macho mekundu, yakakutana na ya Kimya aliyekuwa anapita na sanduku. "Dada, wewe unaonaje?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza swali hilo. Alijua jibu. Jibu lilikuwa limekaa ulimini, dogo, tayari. Lakini mashine ikipona, lori linakuja. Ikiendelea kukosea, Ijumaa wataahirisha, na safu za nyuma zitabaki, na kila mara mzee seremala akileta namba yake, mtu atalitaja jina la mama.

Alitikisa kichwa, akapita.

*

Alhamisi Mganga Mkuu aliagiza wafanye mazoezi: kadi zitolewe kwa kufuata kikaratasi cha mashine tu. Redio akavuta vikaratasi, akakimbia, akachomoa, akapitisha dirishani, mdomo haukupumzika. "Nane, kumi na mbili. Tatu, sita. Kumi na moja, sita."

Kimya alisikia. Aliinua uso, akaona kadi yenye pembe iliyokunjwa ikipita mkononi mwa Redio, nje kwenye kifuniko kuna namba tu, 4172. Angeweza kusema. Alichofanya ni kuifuata kwa macho mpaka ilipochukuliwa na muuguzi na kuingia chumba cha daktari, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulifurahi. *Mama anaitwa,* aliwaza. *Mama ana zamu leo.* Alisimama pale dakika nzima akisikiliza, kama atasikia kikohozi chake nyuma ya mlango.

Seremala alirudi dirishani baadaye akiwa anacheka na kujipangusa jasho.

"Mabinti, mtanimaliza. Daktari, bila kuinua uso, kaniuliza mtoto wangu wa mwisho nilimnyonyesha mpaka lini."

Redio akalalia meza kwa kicheko. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mpaka alipoota meno, akaniuma!" Walicheka tena. Kisha mzee akaacha kucheka, akashika ukingo wa dirisha. "Lakini sindano ilikuwa imeshavutwa. Ile ambayo mimi sitakiwi kuchomwa. Kadi yangu ina mstari mwekundu, mnaijua. Mara ya mwisho nilipochomwa ile dawa nililetwa hapa nimevimba kama mto. Leo kadi ilisema haina neno. Ni yule muuguzi ndiye aliyetupia jicho jina."

Mzee alikuwa na mkono mmoja uliokosa ncha ya kidole, na kwa mkono huo alikuwa anapangusa ubao wa dirisha. Alikohoa, akasema, "Haya, si yameisha," akaenda kukaa kwenye benchi.

Muuguzi alirudisha kadi kupitia dirishani. Iliangukia upande wa Kimya.

Aliipeleka mwenyewe. Safu ya kumi na moja, sanduku la sita. Kabla ya kuondoka alitoa mfukoni kipande cha pazia, akakifunga kwenye chuma cha mwanzo wa safu, mafundo mawili. Halafu akaenda mpaka kwenye kiti cha Mtaalamu, akasimama.

Mtaalamu alikuwa amechora mraba mkubwa kwenye karatasi, ndani yake mraba mwingine, na ndani yake mwingine. "Sielewi," alisema, hata hakuangalia alikuwa anaongea na nani. "Kwa kila safu, pita kila sanduku. Kwa kila sanduku, pita kila kadi. Namba ikilingana, andika jina, toka. Hii hapa. *Toka.* Nimeiandika."

"Itoke wapi?" Kimya aliuliza.

Aligeuka. "Eh?"

"Umeiambia itoke. Itoke wapi, kaka?"

"Itoke kwenye mzunguko."

Kimya alinyoosha kidole, akagusa mraba wa ndani kabisa. "Imetoka hapa. Kwenye sanduku. Niliona juzi. Ilimpata mzee safu ya pili, ikaacha kadi zilizobaki za sanduku lile, ikafungua sanduku linalofuata. Hujaiambia kwamba kazi imekwisha. Umeiambia sanduku limekwisha."

Mtaalamu alitazama karatasi, akatazama kioo, akaitazama tena karatasi.

"Inaendelea," alisema polepole, "na ikimkuta mwingine kwenye safu za nyuma..."

"Inamwandika juu ya yule wa kwanza."

"Mungu wangu. Wiki nzima nawatukana wachapaji." Akajifunika uso kwa viganja, akacheka humo ndani. Kisha akaacha. "Lakini neno hili linavuka ukuta mmoja tu. Lugha hii haina neno la kutoka kuta zote tatu kwa mpigo."

"Hata mimi sina," alisema Kimya.

"Unasemaje?"

Alikuwa ameongea siku hiyo zaidi ya mwezi mzima. Badala ya kujibu, alionyesha kwa kichwa, nyuma, kwenye safu za giza, ambako kitambaa chekundu kilikuwa kimening'inia.

"Anayepata anafunga kile," alisema. "Basi. Mwenzake akimaliza sanduku, anainua macho. Kipo? Hafungui lingine. Akifika mwisho wa safu anainua macho. Kipo? Haendi safu nyingine. Hakuna kupiga kelele."

Mtaalamu aligeuka akakitazama kile kitambaa. Halafu akavuta kibodi. Kimya aliona, juu kabisa kabla ya miraba yote, ameandika neno *kitambaa*, na mbele yake, *hapana*. Kwenye kadi, namba ikilingana: *kitambaa, ndiyo. Toka.* Baada ya kila sanduku: *kitambaa kipo? Toka.* Baada ya kila safu: *kitambaa kipo? Toka.* Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

"Tujaribu na namba gani?"

Alijua namba atakayotaja. Alijua pia itakuwa mara ya mwisho.

"Elfu nne mia moja sabini na mbili."

Tarakimu za chini zikaanza kukimbia. Safu ya kwanza, masanduku ishirini, ikaisha. Safu ya pili, sanduku la kwanza, la pili, mpaka la tisa. Jina la seremala likatokea, la kijani. Na tarakimu zikasimama.

Kimya alizitazama. Zilisimama kweli. Hazikugusa ya tatu wala ya nne. Hazikufika kule nyuma kumgongea mtu yeyote. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia seremala akipiga miayo kwenye benchi, upande wa pili wa dirisha.

"Dada," Mtaalamu alisema, "kesho Mganga Mkuu akiuliza, nitamwambia ni wewe."

Hakumsikia vizuri, kwa sababu Bibi Kadi alikuwa anarudi kutoka nyuma na funguo zake, hatua nzito, miwani kwenye paji la uso.

"Nani kafunga kitambaa kumi na moja?" aliuliza. "Hakuna aliyetumwa safu hiyo leo. Redio, ni wewe?"

"Mimi nina mdomo, bibi, nitafungaje kitambaa?"

Wote wakamgeukia Kimya. Kule nyuma kile chekundu kilikuwa kinacheza kidogo kwa upepo wa feni. Lori lilikuwa linakuja Jumamosi. Alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka minne, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi, mpaka mzee seremala akageuza shingo, akasema:

"Nimempata. Ni mama yangu."